Mpaka Akae

...na goti lake la kushoto linatetemeka, analificha nyuma ya kiti lakini nimeliona, basi si akae, jamani, nani kamshikia fimbo, mzee mzima kasimama tangu chai ilipokuwa ya moto na sasa chai imepoa mpaka imeota ngozi juu, na yeye bado yuko kwenye mtaro, "kwa ufupi, ndugu zangu," anasema, na mtu akishakuambia kwa ufupi ujue umekwisha, ndiyo maana hata jina tumempa hilo hilo, Mzee Kwa Ufupi, watoto wanamwita hivyo usoni na yeye anaitika kwa bashasha kana kwamba ni cheo, "kwa ufupi, mtaro wetu unaanzia kule juu, kwa fundi magodoro," ndiyo, baba, tunajua unaanzia wapi, kila mwezi unaanzia hapo hapo, haujawahi kuhama, na mimi hapa mbele magoti yangu yako usawa wa masikio kwa sababu viti vya chekechea havijui nani mwenyekiti nani mtoto wa miaka minne, mwenyekiti mzima wa Jukwaa la Mtaa nimekaa kama mtu anayefua, na ukutani kuku na mbuzi waliochorwa na watoto wananitazama, kuku ana miguu mitatu, na ile saa ya karatasi ambayo mwalimu anawafundishia mishale, mishale yenyewe kaiacha kwenye saa tatu kamili, tangu tuanze kukutana humu ni saa tatu kamili, huenda ndiyo saa anayoifuata huyu mzee, kwake yeye muda hautembei, "hapo kwa fundi magodoro kuna vyumba vya uani, vijana wawili, mtu na mdogo wake, hawapo leo, basi mtaro unakata kushoto," enhe, unakata kushoto, na mimi kichwa cha watu nimekiacha nusu saluni, upande mmoja umesukwa upande mwingine umesimama wima, na mwenye kichwa kesho asubuhi ana usaili wa kazi, anakaa pale mbele ya kioo anajiangalia nusu mtu nusu jini, na msaidizi wangu hajui kumalizia mstari wa katikati, akijaribu ataupindisha, nikirudi nitakuta mstari umepinda na mteja analia, Katibu naye kanifuata mpaka mlangoni, "dada yangu, twende, watu wameshakaa," nikatupa kitana, nikafuata, mawingu yamefunga tangu asubuhi sikujua hata jua liko wapi, nikasema basi leo tena nimechelewa, kama kawaida yangu...

...akae tupige kura, tushindwe, twende nyumbani, maana tutashindwa tu, hilo halihitaji mganga, hoja imeshasomwa, Katibu kaisoma kwa ile sauti yake ya kutangaza vifo, kwamba kuanzia leo watakaosema na kupiga kura kwenye Jukwaa ni wenye nyumba peke yao, na mpangaji mwenye neno ampe mwenye nyumba wake amfikishie, yaani mtu paa linamvujia, amtume mwenye nyumba aje kutuambia kwamba mwenye nyumba hataki kuziba paa, hiyo si kumkabidhi fisi bucha ni nini, na hoja ikishasomwa kanuni zetu zinasema ipigiwe kura kikao hicho hicho, hakuna kuahirisha, kanuni tuliiweka wenyewe ili wakubwa wasizikalie hoja za wadogo, sasa angalia, na mimi kama mwenyekiti sina kura mpaka zifungane, na hazitafungana, kwa sababu humu ndani nikihesabu vichwa ni wenye nyumba watupu, Mama Funguo yule pale na lile shada lake la funguo mapajani analichezea kama tasbihi, mwenye duka la dawa anapiga miayo mpaka naona jino la dhahabu, na viti vya nyuma, vyekundu vile, ambavyo wapangaji wamevizoea, vitupu, mstari mzima, hata mmoja hajaja, na hilo ndilo linalonichoma, Katibu hanichomi, Katibu namjua, wanaonichoma ni wao, tumehangaika nao, nimegonga milango yao mwenyewe, njooni, neno lenu lina uzito sawa na la mwenye ghorofa, wakaja, wakazoea, mtaa ukachangamka, watu wanabishana mpaka nje, kundi la simu likawa halilali, leo siku ya kujitetea wenyewe hawaonekani, shukrani ya punda, nitakufa na presha kwa ajili ya watu waliolala majumbani kwao... "na nyumba ya tatu, ile yenye mlango wa bluu, hapo yupo mama mmoja na binti yake, hawapo leo," enhe, "hapo mtaro unapanuka kidogo, unaweza ukatia mguu," enhe, enhe, mzee wangu, tia mguu, ila ukae.

Na siwezi kumkatiza, hapo ndipo penye kichekesho, nina kengele hapa mezani, ile ndogo ya mwalimu, nikiinyanyua tu itafanya kling na mambo yatakwisha, lakini sheria ni yangu, niliitunga kwa kinywa changu kwenye chumba hiki hiki, aliyesimama hakatizwi mpaka akae, na niliitunga kwa ajili ya Mama Mapacha, mpangaji wa huyu huyu mzee, vyumba vya uani, mama wa watu anafanya kazi kiwanda cha sabuni na ana kigugumizi, alikuwa kila akisimama anaanza "m-m-m" na mtu anamsaidia, "maji?", "mama?", "mwizi?", wanamtupia maneno kama wanacheza kitendawili, watu wanacheka, yeye anacheka nao halafu anakaa, na neno lake anarudi nalo nyumbani, mpaka siku ile nikasimama nikasema basi, kuanzia leo aliyesimama sakafu ni yake, zamu ya kusema ni yake, mpaka akae mwenyewe, hata akikohoa tutamsubiri amalize kukohoa, na kikao kilichofuata akasimama, jasho linamtoka puani, tukasubiri, tukasubiri, Mama Funguo akaanza kuhema, tukasubiri, na mwisho wa yote likatoka, zima, halijavunjika, kwamba maji ya mvua yanaingia vyumbani kwao na watoto wanalala juu ya meza, na yanaingia kwa sababu ukuta mpya umejengwa juu ya mtaro, akanyoosha kidole, na kila mtu akajua ukuta wa nani, maana Katibu ndiye aliyekuwa ananyooshewa, kisha akakaa, mimi siku ile nilitaka kulia, nilisema moyoni basi hata Jukwaa likifa kesho limeshafanya kazi yake, sikujua kwamba kuna mtu humo humo ndani analiandalia sanda, kwa sababu tangu siku ile Katibu akaanza, kidogo kidogo, dada yangu vikao vinakuwa virefu, dada yangu watu wanasema ovyo, dada yangu wewe ni mtu wa busara, ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa na mimi nang'aa.

Na tuseme ukweli, kwa urefu wa vikao hakusema uongo, huyu mzee ameigeuza sheria yangu kuwa kitanda chake, analala humo, sheria ya wasio na sauti imechukuliwa na mwenye sauti asiyejua kuizima, debe tupu haliachi kuvuma, vijana wawili watatu wameacha kuja kwa ajili yake, wananiambia saluni, aa dada, mpaka Kwa Ufupi amalize mtaro wake sisi tumeshaota mvi, na nilishaamua, kikao kijacho naifuta, nilimwambia hata Katibu, ndiyo, nilimwambia, nikasema hii sheria imepitwa na wakati, na Katibu akanisifu, sasa huyu mzee anafikiri anasikilizwa, nani anamsikiliza, muuza dawa kasinzia kabisa sasa, kidevu kifuani, Katibu anachezea simu, mimi nafikiria nywele, labda upweke unamsumbua, mkewe alikwenda mbele ya haki na watoto wako mbali, anarudi nyumbani anaongea na redio, kwa hiyo kikao ni siku yake ya kuongea na watu wenye macho, maskini, ningemhurumia kama si kile kichwa nusu... "nyumba ya nane, kwa marehemu mwalimu, vyumba vinne, watu sita, hawapo leo, hapo chini ya ngazi mtaro umezibwa na chupa," enhe, enhe, na angalia navyoitikia, kichwa kinashuka kinapanda chenyewe, ni kazi ndiyo imenifundisha, mteja anakaa mbele yako kutwa nzima na lazima aongee, akinyamaza hatarudi, na wewe ukisikiliza yote yanayosemwa kwenye kiti kile utarukwa na akili, basi msusi anajifunza enhe, enhe zipo za aina tatu, ya kwanza ni fupi, ya habari za mtaa, ya pili ndefu inashuka, ya msiba na maradhi, ya tatu ni ya wanaume zao, hiyo unaitia na mguno kwa mbele, enhe unaipachika pale anapovuta pumzi na mikono inaendelea, mteja anaondoka anasema yule dada ana sikio, anajua kusikiliza kuliko wote, na mimi sijui hata mumewe kafa au kaoa, mama yangu alikuwa ananitania, wewe mtoto Mungu kakupa masikio ya kuvalia hereni tu, nikicheka, na hereni zenyewe alininunulia yeye.

King'ora... kile ni king'ora, si ndiyo, kile cha kiwanda, kirefu, kinapanda halafu kinakatika, cha kutoa zamu ya mchana, hata kuku wa ukutani kama ametega sikio, na mzee kanyamaza, mara ya kwanza leo kanyamaza, kavuta pumzi, kamimina maji kwenye kikombe cha plastiki cha mtoto, kanywa, nikasema afadhali, anakaa, lakini hakai, anafuta mdomo, anaangalia mlango, anasema "tuendelee, kwa ufupi," na king'ora ndio kwanza kinalia, mbona sasa, mbona sasa hivi, sisi siku zote tunaanza king'ora kikishalia, tunawapa muda wa kutembea, wanapitia njia ya mkato ya reli, wanaingia humu na harufu yao ya sabuni, chumba kizima kinanuka kama nguo iliyotoka kuanuliwa, Mama Mapacha anapenda kukaa kiti cha mwisho karibu na dirisha, king'ora kwanza halafu kikao, ndivyo ilivyo, sasa leo kikao kimeanza lini ikiwa king'ora ndio kwanza... kwa hiyo hawajalala, wapangaji hawajalala, hawajatususa, wako kazini, mpaka sasa hivi walikuwa kazini, wengi wao wako pale kiwandani na wengine wako mashambani ng'ambo ya reli na magari yao yanafuata king'ora hicho hicho, nimekaa hapa nawatukana moyoni kumbe wako kwenye mapipa ya sabuni, halafu nani kasogeza kikao, nani ana ruhusa ya kusogeza kikao, ni mwenyekiti peke yake, na mwenyekiti ni mimi, sikusogeza, mimi sikusogeza kitu, labda...

...labda jana, simu, ilikuwa bega na sikio, nimeibana hivi, nilikuwa na yule mama wa nywele nzito, mikono yote miwili kichwani, mdomoni nimeshika pini, Katibu anaongea, anaongea, sauti ya mafuta, "dada yangu nilikuwa nasema kuhusu kikao cha kesho," enhe, "mvua hizi, watu wanaogopa giza," enhe, "tungekianza mapema kidogo tuwahi," enhe, "basi nitume ujumbe kwenye kundi kwa jina lako," enhe, aina ya kwanza, fupi, ya habari za mtaa, Mungu wangu, nilisema enhe, nilisema enhe mara nne na pini mdomoni, na ujumbe akautuma leo, watu wakiwa wameshaingia zamu, simu zao zimeachwa getini kwa mlinzi kama kila siku, wataukuta wakitoka, wataukuta sasa hivi, wamesimama getini na aproni zao wanasoma kwa jina langu kwamba kikao kimeanza zamani, nimeuziwa mbuzi kwenye gunia na bei nimetaja mwenyewe, nikisimama niseme kikao si halali Katibu atanyanyua simu awasomee, ujumbe huu hapa, jina hili hapa, dada yetu ulikubali mwenyewe, na kweli nilikubali, nitasemaje, nitasema samahanini wananchi mimi nikisuka huwa sisikii, yule Katibu anajua, si mjinga, mke wake ni mteja wangu, atakuwa kamwambia nyumbani wanacheka, yule dada ukimpigia akiwa na kichwa mkononi anakubali hata ukimwambia achome nyumba.

"...ya pili kutoka mwisho, nyumba ya dada yetu mwenyekiti," kanitaja, ananitazama, mzee ananitazama moja kwa moja, "hapo nyuma kuna chumba kimoja, binti wa watu, yuko zamu ya mchana, hayupo leo, na mtaro unapita chini ya dirisha lake," na jicho lake halitoki kwangu, hayupo leo, hawapo leo, amesema hawapo leo, mara ngapi amesema hawapo leo, kwa fundi magodoro alisema, mlango wa bluu alisema, kwa marehemu mwalimu watu sita, hawapo leo, hawapo leo, hajawahi kusema hivyo vikao vingine, vikao vingine anataja chupa na matope, leo anataja watu, anapita nyumba kwa nyumba anataja wasiokuwepo, kasimama pale mbele ya watu wote anatuambia kwa sauti kubwa kabisa kwamba mnataka kuwapigia kura watu ambao hawapo, amesema mwanzo mpaka mwisho wala hakuficha, hakusema kwa mafumbo, na hakuna hata mmoja wetu aliyesikia, kwa sababu ni Kwa Ufupi, Kwa Ufupi anaongea mtaro, na mimi nilikuwa naitikia, enhe, enhe, alikuwa ananiambia mimi na mimi nampachikia enhe anapovuta pumzi, masikio ya hereni, mama, masikio ya hereni, wala mtaro hautaki leo, anatafuta muda, anashikilia sakafu kwa miguu yake yote miwili mibovu, aliyesimama hakatizwi mpaka akae na asipokaa hakuna kura, anawashikia mlango, anawashikia mlango usifungwe mpaka wafike, wapangaji wake mwenyewe ni watatu, angeweza kuinyamazia hoja na kuwa mwenye nyumba kama wenzake, anajua saa za kazi za Mama Mapacha kwa sababu mapacha wanamsubiria mama yao barazani kwake wanamsumbua na hesabu za shule, na mimi nilikuwa nasema upweke.

"Dada mwenyekiti." Katibu huyo, hasimami, anagonga saa yake ya mkononi kwa kalamu. "Dada mwenyekiti, mimi namheshimu sana mzee wetu, lakini hatuwezi kulala humu. Na hii sheria wewe mwenyewe uliniambia imepitwa na wakati. Au nakumbuka vibaya?" na anatabasamu, na wote wananigeukia, hata muuza dawa kaamka, Mama Funguo anasema "gonga kengele mwanangu, tuna mambo majumbani," ndiyo, nilimwambia, hasemi uongo, Katibu huwa hasemi uongo, anachukua ulichosema wakati husikii anakurudishia wakati unasikia, kengele iko hapa, imelala karibu na kidole changu, kling moja tu, na mzee hajasema kitu, hajaniomba, ananingoja na yeye kama wengine, ananitazama kama tulivyomtazama Mama Mapacha siku ile, tunasubiri neno litoke, na goti lake sasa halitetemeki tu, linacheza, kiti cha chekechea alichokishikilia kinagonga sakafu ta ta ta ta, naichukua kengele, naitia mfukoni, "Sheria ipo mpaka ifutwe, Katibu," nasema, sauti yangu nyembamba, imetoka nyembamba lakini imetoka, "na haijafutwa. Mzee, endelea," na mzee anaendelea, Mungu ampe nguvu, anaendelea, nami sasa namsikiliza, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu namsikiliza kila neno, wala si mzungumzaji mbaya, ana mpangilio, anajua kila bomba linapotokea na nani kalala upande wa pili wa ukuta, lakini nyumba zinamwishia, naziona zinamwishia, ilibaki ya mwisho, kaimaliza, "na hapo, ndugu zangu, kwa Katibu wetu, kuna ukuta," Katibu anakohoa, "na ng'ambo ya ukuta... mtaro unaingia... unaingia darajani, na... na daraja ndio mwisho," ndio mwisho, hana nyumba nyingine, mtaro umefika darajani na daraja halina wapangaji, anatafuta neno, midomo inatembea bila sauti, anaangalia mlango, mlangoni hakuna mtu, njia iko tupu mpaka kwenye kona, bado hawajafika hata relini, na mkono wake unarudi nyuma, unapapasa kiti, hapana mzee, hapana baba yangu, usikae, muda wote nakuombea ukae na sasa naomba miguu yako, kama ingekuwa inawezekana ningekupa yangu, mkono umekipata kiti, mgongo umeanza kupinda, Katibu ameshafungua kinywa, ameshanyanyua mkono wa kura...

"Mzee, samahani." Mimi huyo, nimesimama, magoti yamelia, sijui nimesimama saa ngapi. "Pale kwa fundi magodoro sikukusikia vizuri. Nilikuwa nawaza mambo mengine. Wale vijana wawili, mtu na mdogo wake, ulisema wako wapi leo?"

Mama Funguo ameacha kucheza na funguo. Mzee amebaki nusu kakaa nusu kasimama, ananitazama, anatazama kengele haipo mezani, halafu kidogo kidogo anaukamata mgongo wa kile kiti na kujivuta juu, goti moja, la pili, mpaka anasimama wima kabisa.

"Kwa ufupi," anasema.